Michezo ya video inayochezwa kwa mwili kama mazoezi tiba ya ugonjwa wa Parkinson: uzi kwa wagonjwa, familia na wataalamu

FundiViungo (mleta uzi)

Wanajukwaa, heshima yenu.

Nimekuwa nikiulizwa na familia za wagonjwa wa Parkinson kama ile mashine ya michezo iliyoachwa na watoto sebuleni inaweza kumsaidia mzee kufanya mazoezi. Majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yamegawanyika kati ya wanaoahidi muujiza na wanaosema ni upuuzi wa kitoto, ndiyo maana nimeona nianzishe uzi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari wa mishipa ya fahamu, kwa hiyo habari za dawa nitazigusa pale tu zinapokutana na mazoezi.

Msimamo wangu nauweka mbele ili asiyekubaliana nami aanze kujiandaa. Michezo hii inasaidia, lakini inasaidia kama mazoezi yanavyosaidia, haitibu ugonjwa, na faida yake inategemea mchezo uliochaguliwa na mtu aliyesimama pembeni ya mgonjwa kuliko inavyotegemea mashine.

Parkinson hutokea pale chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, katika sehemu ndogo ya ndani ya ubongo zinapokufa taratibu. Wengi wanaujua kwa kutetemeka, lakini kinachomnyima mtu uhuru wake zaidi ni upole wa mwendo na kukakamaa: hatua hufupika, mikono huacha kubembea, mwandiko hudogoka, na mlangoni miguu huganda kana kwamba imepigwa gundi. Mwenye afya hutembea huku akili yake ikiwa sokoni. Mgonjwa wa Parkinson hupoteza uwezo huo wa kuuachia mwili ujiendeshe, na kila hatua inadai aiamrishe.

Hapo ndipo penye jambo ambalo kila anayewahudumia wagonjwa hawa amelishuhudia. Mzee yule yule aliyeganda mlangoni, ukimchorea mistari sakafuni huivuka mmoja baada ya mwingine, na ukimpigia makofi kwa mpigo ulio sawa huenda nao. Alama inayotoka nje, iwe ya kuonwa au ya kusikiwa, hupita katika njia nyingine za ubongo ambazo hazikuumizwa sana na upungufu wa dopamini. Sasa mchezo wa video unaochezwa kwa mwili ni nini, kama si mvua ya alama za nje? Kila mwendo una shabaha mbele ya macho na mdundo masikioni, na matokeo yanaonekana papo hapo: mgonjwa aliyedhani amenyoosha mkono wote anaona kwenye kioo cha televisheni kwamba umefika nusu. Katika Parkinson hilo si dogo, kwa sababu mgonjwa hupunguza ukubwa wa mwendo bila kujua, na akiambiwa na mwanawe hukataa, lakini kioo hawezi kukibishia.

Vifaa viwili ndivyo vilivyofungua njia. Cha kwanza ni Wii ya Nintendo, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2006, ambayo rimoti yake inahisi mkono unavyokwenda. Baadaye ikafuatiwa na ubao wa kusimamia wenye vihisi uzito 4, kimoja kila pembe, unaoonyesha kwa nukta kwenye kioo uzito wako umelalia wapi. Ubao huo uliouzwa kama kichezeo ulilinganishwa na vipimo vya maabara katika utafiti wa Ross Clark na wenzake huko Australia, uliochapishwa 2010, ukaonekana unapima mizani ya mwili kwa kiwango cha kuaminika. Cha pili ni Kinect, kamera ya Microsoft ya mwaka huo huo wa 2010, ambayo haishikwi wala haikanyagwi: inarusha miale ya infraredi isiyoonekana na kukadiria viungo vyako viko wapi chumbani.

Karibuni kwa maswali. Matokeo ya tafiti nitayaleta kadiri mjadala utakavyoyahitaji, kwa kuwa nikiyamwaga yote hapa hakuna atakayesoma.

Binti wa Pangani

Ahsante sana kwa maelezo haya, kaka. Baba yangu ana miaka 71 na alithibitishwa kuwa na Parkinson baada ya kuhangaika muda mrefu akitibiwa kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Hospitali walimpa karatasi yenye picha za mazoezi, naye aliziangalia kwa heshima zote kisha akazihifadhi chini ya godoro, na huko ndiko ziliko. Kaka yangu aliyeko Muscat ametuletea Wii pamoja na ubao wake. Baba akimwona mjukuu anacheza bolingi hujisogeza na kutaka rimoti, jambo lililonishangaza, kwa kuwa ni mtu asiyependa kabisa kuhimizwa. Ninaogopa kuanguka. Tuanze na mchezo gani, na mahali tupange vipi?

FundiViungo

Dada, kwamba baba anaitaka rimoti mwenyewe ni mtaji mkubwa. Usiugeuze kuwa amri, maana utaishia chini ya godoro pamoja na zile karatasi.

Nianze na saa kabla ya mchezo. Kama anatumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza dopamini, mazoezi yawekwe wakati dawa imekolea, kwa wengi ni kiasi cha saa moja baada ya kuimeza, wala si wakati nguvu yake inapoisha na mwili umekaza. Muulize daktari wake, lakini pia mtazame baba mwenyewe: kuna saa za siku anazofunga vifungo vya shati bila msaada, na hizo ndizo saa za kucheza. Kama huwa anapata kizunguzungu akisimama, pimeni shinikizo la damu akiwa ameketi na tena akiwa amesimama, kwa sababu kushuka kwa shinikizo ni sehemu ya ugonjwa huu na ya baadhi ya dawa zake.

Chumbani toeni busati, mkeka na kila kitu kinachoteleza. Avae viatu vya kufunga, kamwe si kandambili. Nyuma yake kikae kiti imara chenye mikono, ubavuni awe na ukuta au meza nzito ya kushika, na wewe usimame upande wake dhaifu, nyuma kidogo, mkono ukiwa karibu na kiuno bila kumshika. Ubao una kimo cha takriban sentimita 5 tu, lakini wengi huanguka wakati wa kuushuka, si wakati wa kuucheza: mchezo ukiisha mtu husahau kwamba yuko juu na kurudi nyuma. Mzoeze kushuka kwa mbele, huku akihesabu kwa sauti.

Bolingi ni chaguo zuri la kuanzia, kwa kuwa hakuna anayemharakisha na mkono unabembea kwa upana. Ina kikwazo kimoja nilichokiona kwa karibu: mchezaji anatakiwa kushikilia kitufe cha nyuma ya rimoti wakati mkono unakwenda, kisha akiachie mkono unapofika mbele. Vidole vilivyokakamaa haviachii kwa wakati, mpira hauondoki, na mzee anadhani ameshindwa kutupa ilhali mkono ulikwenda vizuri kabisa. Mfundisheni kufungua kiganja chote badala ya kidole kimoja, na kamba ya rimoti ikae kwenye kifundo cha mkono muda wote. Anaweza kuanza akiwa ameketi, aibu haipo.

Baada ya hapo nendeni kwenye michezo ya kuhamisha uzito polepole, kama ule wa kuinamisha meza ili vipira viingie mashimoni. Michezo inayorusha vitu vingi kwa kasi na kudai uamue upi uupokee na upi uukwepe iachwe kwanza. Hili si hisia yangu tu. Felipe dos Santos Mendes na wenzake nchini Brazili walichapisha mwaka 2012 utafiti uliowalinganisha wagonjwa 16 wa Parkinson na wazee 11 wasio na ugonjwa katika michezo 10 ya Wii. Wagonjwa walijifunza michezo 7 bila tatizo, wakadumu na walichojifunza, na hata kukihamishia kwenye jaribio la kunyoosha mkono mbele ambalo hawakulifanyia mazoezi. Mitatu iliyowashinda ilikuwa ile inayoielemea akili kwa maamuzi ya haraka. Mzee akishindwa mchezo wa aina hiyo, msidhani ni miguu iliyomwangusha.

Mtu wa Likoni

Nimesoma kwa makini, na bila kumvunjia heshima mleta uzi, naona tunajadili paa wakati nyumba haina msingi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 ulipita katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, ukakuta wagonjwa 33, na asilimia 78 kati yao hawakuwahi kuambiwa kwamba wana Parkinson. Mtu ambaye hajaambiwa anaumwa nini, au ameandikiwa levodopa asiyoweza kuinunua kila mwezi, unamwambia habari za mashine ya michezo? Je, tuna ushahidi gani kwamba mashine hizi zinaleta kitu ambacho mazoezi ya kawaida hayaleti?

FundiViungo

Ndugu wa Likoni, swali lako ndilo lililostahili kuulizwa mapema, na sehemu kubwa ya jibu inakuunga mkono.

José Eduardo Pompeu na wenzake wa São Paulo waliwagawa wagonjwa 32 kwa kura katika makundi 2. Wote walihudhuria vipindi 14, mara 2 kwa wiki. Nusu walifanya mazoezi ya mizani kwa Wii, nusu kwa njia ya kawaida. Makundi yote mawili yaliimarika katika shughuli za kila siku, na hapakuwa na tofauti kati yao. Tathmini ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, iliyokusanya majaribio 8 yenye watu 263, ilifikia mahali hapo hapo: huenda urefu wa hatua ukanufaika kidogo zaidi kwa muda mfupi, lakini katika mizani, mwendo kwa jumla na ubora wa maisha matokeo yalifanana na ya fiziotherapia, na ushahidi wenyewe ulipewa daraja la chini. Kwa hiyo asiyekuwa na mashine hajapoteza tiba. Utepe wa gundi uliobandikwa sakafuni kwa umbali wa hatua, redio yenye muziki wa mpigo unaoeleweka, na mjukuu wa kurushiana naye mpira vinabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo, kuna majaribio 2 yanayonizuia nisikubali kwamba mashine ni pambo tu.

La kwanza linaitwa V-TIME, lililoongozwa na Anat Mirelman wa Tel Aviv na kuchapishwa na jarida la Lancet mwaka 2016. Lilifanyika katika nchi 5 na kuandikisha wazee 302 wa miaka 60 hadi 90 waliokuwa wameanguka angalau mara 2 katika miezi 6 iliyotangulia. Karibu nusu yao walikuwa na Parkinson. Wote walitembea kwenye tredimili, ile mashine ya mkanda, mara 3 kwa wiki kwa wiki 6. Kundi moja liliongezewa kioo mbele yao: kamera ilifuata miguu yao, nao wakaiona miguu hiyo ikitembea katika njia yenye vizuizi vya kuruka na kona za kuchagua. Katika kundi hilo kiwango cha kuanguka kilishuka kutoka takriban 11.9 hadi 6 kwa miezi 6. Kwa waliotembea bila kioo kilibaki zaidi ya 8, na kushuka kwao hakukufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Miguu ya makundi yote ilifanya kazi ile ile. Kilichoongezwa ni kutembea huku ukiamua, na hicho ndicho kinachomwangusha mzee anapovuka barabara ya Likoni akijibu salamu.

La pili ni la Nijmegen, Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2019 na Nicolien van der Kolk na wenzake. Wagonjwa 130 walifanyia mazoezi nyumbani kwa miezi 6. Kundi moja liliendesha baiskeli isiyotembea iliyounganishwa na michezo na video kwenye kioo, jingine lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Walipopimwa wakiwa hawajanywa dawa, makundi hayo yalitofautiana kwa alama 4.2 kwenye kipimo cha mwendo, kwa faida ya waendesha baiskeli. Faida hiyo naiweka kwa mazoezi yenyewe ya kutoa jasho. Mchezo ulikuwa chambo cha kumrudisha mtu kwenye tandiko siku ambayo angependa kulala. Nawe unajua, ndugu yangu, kwamba dozi ya mazoezi isiyofanywa haina nguvu yoyote mwilini.

Na ili nisionekane muuza mashine, niongeze jaribio la Sydney la 2018. Watu 60 walipewa zulia la kukanyaga lenye mishale wacheze nyumbani kwa wiki 12, sehemu kubwa ya muda huo bila msimamizi. Vipimo vikuu havikuonyesha tofauti na wasiocheza, na uchambuzi uliofuata ulidokeza kwamba wenye ugonjwa mwepesi walinufaika kuliko waliokwisha kulemewa. Ndiyo maana nasisitiza mtu wa pembeni. Kuhusu wasiogunduliwa, sina ubishi: levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa mgonjwa mwenye fedha za kitu kimoja tu, anunue dawa.

Fundi Konsoli wa Kariakoo

Naomba nichangie upande wa vifaa, kwa kuwa naona watu wataanza kukimbilia madukani. Wii ilikoma kutengenezwa mwaka 2013 na Kinect mwaka 2017, hivyo karibu zote mtakazokutana nazo hapa ni mitumba. Iliyotoka Marekani ina adapta ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 imekwenda, na kila mara mteja husema ilikuwa nzima jana. Diski za Wii hufungwa kwa kanda za dunia, kwa maana kwamba mashine ya Japani haisomi diski ya Ulaya. Televisheni nyingi mpya hazina matundu ya nyaya za nyekundu, nyeupe na njano, kwa hiyo mtahitaji kigeuzi cha HDMI. Ubao ukaguliwe chini, penye kifuniko cha betri: kama betri za zamani zimevuja na kutu imekula vishikio, usinunue. Kinect nayo ilitoka na plagi ya aina yake, na kwenye Xbox 360 (mashine ya michezo ya Microsoft) za mwanzo inahitaji adapta ya ziada ambayo wauzaji wengi hawanayo.

FundiViungo

Nashukuru sana, fundi. Mambo hayo hayaandikwi kwenye majarida yetu.

Kwa wanaofikiria Kinect, niongeze niliyoyaona katika nyumba zetu. Inataka nafasi ya takriban mita 2 kati ya kamera na mchezaji, na sebule nyingi zimejaa makochi. Jua la mchana likiingia dirishani linaivuruga miale yake. Kanzu, dira na baibui vinaficha mistari ya viungo, hivyo kamera inashindwa kujua goti liko wapi. Suruali na fulana inayobana kidogo hutatua. Msaidizi akisimama karibu mno, mashine humhesabu kama mchezaji wa pili, au hubandika mkono wake kwenye mwili wa mgonjwa, na mtaona mtu kwenye kioo ana mkono unaotoka ubavuni. Simameni nyuma kidogo na nje ya upana wa kamera, lakini ndani ya umbali wa kudaka.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mimi ndiye mwenye ugonjwa wenyewe, na ninaandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nimecheza Wii kwa muda sasa. Jambo linaloniudhi ni kwamba mashine hiyo hupima mwili na kukutangazia umri, na mimi imeniongezea miaka mbele ya wajukuu, wakacheka hadi wakakaa chini. Yapo pia maneno ya kunikaripia ninapokosea, kana kwamba nimefanya makusudi. Lakini siku ninazocheza asubuhi, kugeuka kitandani usiku kunakuwa rahisi, na ninapenda kumshinda mjukuu bolingi. Tatizo ni kwamba siku hizi nacheza mpaka usiku wa manane na siwezi kuacha, na bega la kulia linauma. Je, ni dalili ya ugonjwa kuendelea?

FundiViungo

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante kwa kuandika.

Umri unaotangazwa na mashine hiyo upuuzeni kabisa. Mizani na vizingiti vyake vilipangwa kwa watu wasio na ugonjwa, na unaweza kuruka sehemu hiyo ya kupima na kwenda moja kwa moja kwenye mchezo.

Bega lina maelezo mepesi zaidi kuliko kuendelea kwa ugonjwa. Mwaka 2007 daktari kijana wa Hispania, Julio Bonis, aliliandikia jarida la New England Journal of Medicine kueleza jinsi alivyoamka na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Maumivu hayo aliyapa jina la mashine hiyo. Yeye alikuwa na miaka 29. Pumzisha bega hilo, ucheze kwa mkono wa kushoto au michezo ya miguu, na kama halijatulia ukaonwe, kwa sababu bega kukaza ni jambo la kawaida katika Parkinson nalo lina tiba yake ya mazoezi.

La kushindwa kuacha usiku wa manane nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko bega. Zipo dawa za Parkinson za kundi linaloiga dopamini, pramipexole ikiwa mojawapo, ambazo kwa baadhi ya watu huamsha msukumo usiozuilika: kamari, ununuzi, kula au michezo. Si udhaifu wa tabia, na hupungua daktari akirekebisha dawa. Tazama majina yaliyoandikwa kwenye maboksi yako, mweleze mwanao, na mwende kwa daktari wako wiki hii. Usiache wala kupunguza dawa mwenyewe, kwa kuwa kuikata ghafla ni hatari. Wakati huo rimoti akabidhiwe mjukuu ifikapo saa mbili usiku. Na kama una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au kilichopandikizwa kusisimua ubongo, uniambie kabla ya mchezo wa kesho, maana watengenezaji wenyewe wanaonya kuhusu rimoti hizo kukaa karibu na kifaa cha moyo.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kifaa sina. Boksi la dawa nimeliangalia, na jina ulilolitaja lipo. Mwanangu mkubwa amekwisha kupiga simu kliniki, tunakwenda Alhamisi.